Chumba Kilichofukizwa Udi

Mimi ni mtu wa maabara, na watu wa maabara hatupendwi. Daktari akimponya mgonjwa analetewa kuku. Sisi tunaletewa mkojo. Nilikuwa nikilisema hilo kila siku kliniki, kwa sauti, mpaka wauguzi wakachoka kucheka. Sasa silisemi tena. Kuna siku moja karatasi yangu ndiyo iliyoamua, si ya daktari, na tangu siku hiyo nimeacha kutafuta kupendwa na mtu.

Nilitoka Bukavu mwishoni mwa mwaka tisini na sita, vita ilipoingia mjini, nikiwa na diploma yangu ndani ya mfuko wa plastiki na viatu vya kanisani miguuni. Nikafika Bujumbura, ambako nako kulikuwa na vita, lakini ilikuwa ya kwao na sikuwa nimeizoea kiasi cha kuiogopa vizuri. Kliniki ndogo ya uzazi pale Nyakabiga ilikuwa inatafuta mtu wa maabara kwa sababu wa kwao alikuwa amekimbia. Nikaingia mahali pake. Darubini yake niliikuta bado ina kioo cha malaria ambacho hakumaliza kukisoma.

Chumba cha kulala nilipewa na Mama Moza. Alikuwa mwanamke wa asili ya Omani, babu zake walikuja na vitambaa enzi za Wajerumani, na mumewe, marehemu mzee Nasor, alimwachia duka la vitambaa sokoni na nyumba yenye ua mkubwa hapo hapo Nyakabiga. Yeye Mwislamu wa kuamka alfajiri, mimi Mkatoliki mwenye ulimi mkali. Hakuna jirani aliyetegemea kwamba tungekaa pamoja hata mwezi. Tukakaa. Alinilazimisha kula, nikamlazimisha kupima sukari yake, na kila mmoja alimwona mwenzake mkaidi.

Nyumbani kwake mgeni haingii chumba kisichofukizwa. Hata mimi nilipofika na mfuko wangu, mavumbi mpaka kwenye kope, alinizuia mlangoni kwanza. Akaingia na chetezo, akazungusha moshi wa udi kwenye kona zote nne, akafungua madirisha, ndipo akasema karibu. Nilikuwa nimetembea siku tatu. Nikasimama pale nje nikilia kwa sababu ya mwanamke nisiyemjua aliyeona mimi nastahili chumba chenye harufu nzuri.

Alikuwa na binti mmoja tu, Nura, mwenye miaka ishirini na miwili, mpole kupita kiasi kwa maoni yangu. Mume wa Nura, Mazin, alikuwa amekwama Kigoma. Nchi jirani zilikuwa zimetufungia mipaka, mizigo haipiti, na yeye aliapa hatarudi bila vitambaa vyake. Nura akabaki na mimba na mama yake. Huo ulikuwa mwaka wa tisini na nane, miezi ya mvua.

Sasa nieleze kuhusu kile chumba.

Kliniki yetu ilikuwa na chumba kimoja cha watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Ndani yake mlikuwa na kuvezi mbili, yaani yale masanduku ya kioo yanayompa mtoto joto ambalo hakumaliza kulipata tumboni. Umeme ulikuwa unakatika kila siku, na waya wa jenereta ulifika sehemu mbili tu: chumba cha upasuaji na hicho chumba cha watoto. Wauguzi waliyafunga madirisha yake usiku na mchana, wakayaziba na mablanketi, kwa ajili ya baridi na kwa ajili ya risasi zilizokuwa zikisikika upande wa Kinama. Mwezi wa tatu, watoto wawili walikufa mle ndani kwa muda wa siku kumi. Walianza vizuri, wakaongezeka uzito, kisha wakawa baridi, wakaacha kunyonya, wakaondoka. Dokta Pontien, mwenye kliniki, alikifunga chumba na kuniita.

"Pascaline," aliniambia, "maji nimepima, maziwa nimepima. Inabaki hewa. Nipimie hewa."

Kupima hewa ni kazi inayoonekana ya kijinga kwa mtu anayekutazama. Unachukua sahani ndogo za kioo zenye vifuniko, zimemiminwa chakula cha vijidudu kilichoganda kama uji uliopoa. Unaziweka chumbani, mita moja kutoka sakafuni, mita moja kutoka ukutani. Unafunua vifuniko, unaondoka, unakaa saa nzima bila kufanya kitu. Vilivyomo hewani vinadondoka vyenyewe. Kisha unafunika, unaziweka kwenye kabati la joto siku mbili, na kila kilichodondoka kinaota kidoti chake. Unahesabu vidoti. Vikiwa vichache chumba kinafaa, vikiwa vingi hakifai. Sharti ni moja tu ambalo haliandikwi popote kwa sababu kila aliyesoma analijua: chumba kisiandaliwe. Unapima hewa anayoivuta mgonjwa, kama anavyoivuta, na uchafu wake wote.

Kila aliyesoma analijua. Lisette, mfanyakazi wa usafi, hakusoma hayo. Mama Moza hakusoma hayo. Na mimi, mwenye mdomo wa kumweleza kila mtu kila kitu, sikumwambia yeyote.

Chakula cha sahani kilikuwa karibu kuisha. Kopo lilikuwa la mwisho, na kwa vile mipaka imefungwa hakuna aliyejua lingine litatoka wapi. Nilipokwangua unga uliobaki chini zilitoka sahani nne. Nikapanga kuzitega siku ya Alhamisi asubuhi.

Jumatano Nura akajifungua, miezi saba. Mtoto wa kiume, kilo moja na gramu mia tatu.

Nilimwona dakika chache baada ya kuzaliwa. Ngozi yake ilikuwa nyembamba hivi kwamba ningeweza kumsoma bila darubini. Walimweka kwenye kona ya chumba cha kujifungulia, amezungushiwa pamba na chupa za maji ya moto, na kila baada ya nusu saa muuguzi alibadilisha chupa. Dokta Pontien alituma mtu kwenye hospitali kubwa, akarudi na jibu kwamba kila kuvezi ina watoto wawili wawili. Zetu mbili zilikuwa tupu, mlango wa pili kwenye ukumbi ule ule, na mlango umefungwa kwa sababu ya hewa.

"Chumba kitapimwa kesho," Dokta alimwambia Mama Moza mbele yangu. "Pascaline anakuja kukiangalia. Kikiwa sawa, mtoto ataingia."

Mama Moza alinigeukia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Alinitazama kwa namna ambayo hajawahi kunitazama, kama mtu anayemtazama hakimu.

Alhamisi nilifika saa tatu asubuhi nikiwa na sahani zangu kwenye trei, nimezifunika kitambaa. Kabla sijafika mlangoni nikasikia harufu.

Chumba kilikuwa kinang'aa. Lisette alikuwa amekisugua kwa javeli, ile dawa ya klorini, tangu alfajiri, sakafu, kuta, mpaka miguu ya kuvezi. Mablanketi yameondolewa, madirisha yote mawili yako wazi, upepo wa mvua ya jana unaingia na kutoka. Na katikati alisimama Mama Moza katika baibui lake, na chetezo mkononi, anamalizia kona ya mwisho.

"Karibu, binti yangu," alisema. "Nimekutengenezea. Sikutaka ukute chumba inanuka mauti."

"Mama, nani alikuambia ufukize?"

"Nani ataniambia? Mutu anakuya kuangalia mahali mujukuu wako atalala, we unamuachia chafu? Sisi hatuko watu wa vile." Akanisogelea, akashusha sauti. "Nimetia ile udi nzuri, ya harusi ya Nura. Ilibaki kidogo."

Hapo ndipo. Nimerudi mahali hapo mara nyingi sana, kwa hiyo napajua vizuri. Trei iko mikononi mwangu. Moshi unaelea kwenye mwanga wa dirisha, mzuri kabisa. Ng'ambo ya ukumbi, mlango wa chumba cha kujifungulia uko wazi, na Nura amekaa kitandani na mkono wake juu ya ile pamba, anatutazama.

Nilijua. Sitaki mtu yeyote anitetee hapa. Nilijua kwamba hewa ile haikuwa hewa ya kile chumba. Ilikuwa hewa ya barabara ya Nyakabiga baada ya mvua, imechanganywa na udi wa harusi. Nilipaswa kusema: fungeni madirisha, rudisheni mablanketi, asiingie mtu, nitarudi kesho. Maneno yenyewe hayajai hata kiganja.

Nikajiambia kwamba sahani zitakauka mpaka kesho, umeme umekatika na friji imekufa. Nikajiambia kwamba mtoto hana kesho, chupa za maji ya moto si kitu. Nikajiambia kwamba moshi ni kitu kidogo na utatoka. Hizo zote zilikuwa sababu, na mtu akinibana ninaweza kuzitetea mpaka jioni. Lakini ukweli ni kwamba nilitaka jibu liwe zuri. Nilimtazama yule mwanamke aliyenifukizia chumba mimi mkimbizi, na sikutaka kumwambia kwamba kazi yake ya asubuhi nzima ilikuwa kosa.

"Chumba ni kizuri, Mama," nilisema. "Toka sasa, niache nitege."

Nikafunua vifuniko vinne.

Jumamosi nilizitoa sahani kwenye kabati la joto. Ya kwanza ilikuwa na vidoti vitatu, ya pili kimoja, ya tatu haikuwa na kitu, ya nne viwili. Nilizigeuza kwenye mwanga mara mbili, mara tatu. Sijawahi kuona sahani safi namna ile katika kliniki yenye watu wanaotembea, na badala ya jambo hilo kunishtua, lilinifurahisha. Nikaandika kwenye karatasi: hewa inafaa. Nikaweka sahihi na tarehe.

Dokta Pontien alisoma, akauliza kama ni sawa. "C'est bon?"

"C'est bon, Docteur."

Mchana huo mtoto aliingia kwenye kuvezi. Wauguzi wakafunga madirisha na kuyaziba tena na mablanketi, kama kawaida yao, ili asipate baridi.

Siku nne zilikuwa njema. Nura alikuwa anakamua maziwa kwenye kikombe, anampa kwa kijiko, tone kwa tone, na mtoto anameza na kukunja uso kama mzee aliyeonjeshwa dawa. Aliongezeka gramu arobaini. Siku ya saba tangu kuzaliwa akapewa jina, Ilyas. Mama Moza aliwaletea wauguzi wote halua. Mimi alinipa sinia zima, akasema ni langu peke yangu kwa sababu bila karatasi yangu mtoto asingekuwa ndani. Nilikula ile halua. Nilikula yote.

Siku ya nane Ilyas hakumeza. Nura alidhani amechoka. Jioni mwili wake ukawa baridi ndani ya sanduku lenye joto, na ndivyo walivyoanza wale wawili. Dokta alimpa dawa zote alizokuwa nazo. Siku ya tisa, saa nne asubuhi, akafa.

Mama Moza alimwosha yeye mwenyewe. Niliruhusiwa kushika birika la maji. Mkono wa mtoto ulikuwa mdogo kuliko kidole gumba cha bibi yake, na yeye aliuosha kiungo kwa kiungo, taratibu, akimsemesha kwa sauti ndogo kana kwamba anamwandaa kwa safari ya kutembelea ndugu. Wanaume wakamchukua kabla ya adhuhuri. Nura hakulia. Alikaa kitandani na kikombe cha maziwa ya asubuhi mkononi, na hakuna mtu aliyethubutu kukichukua.

Mimi nilitoka hapo nikaenda moja kwa moja kwa Marcellin.

Marcellin alikuwa mtu wa maabara katika hospitali nyingine mjini, Mkongo mwenzangu, na tulikuwa hatusemezani tangu aliposema mbele ya watu kwamba sisi tuliosomea Bukavu tunasoma malaria kwa kubahatisha. Nilimwomba sahani. Akanitazama uso, akafungua friji yake na kunipa sita.

Sita. Zilikuwapo siku zote, mwendo wa dakika ishirini kwa mguu. Ningeweza kuziomba ile Alhamisi na kupima upya Ijumaa. Sikuomba kwa sababu ya kiburi, na nilikuwa nimeshajidanganya kwamba sina sahani nyingine.

Nilizitega mchana ule ule. Chumba kilikuwa kama walivyokiacha, madirisha yamezibwa siku tano, hewa nzito. Safari hii sikumruhusu mtu hata kukohoa mlangoni. Siku mbili baadaye nilifungua kabati la joto na sikuhitaji kuhesabu. Sahani zilikuwa zimejaa ukungu, kijani na mweusi, umefunika kioo chote mpaka kwenye kifuniko.

Nikarudi chumbani, nikapanda juu ya meza, nikabonyeza dari kwa kidole. Ilikuwa nyeupe, imepakwa rangi vizuri. Kidole kikazama. Nilipovuta, kikatoka kipande laini kama mkate uliolowa, na nyuma yake kulikuwa kweusi tititi. Mwaka uliotangulia risasi zilikuwa zimetoboa mabati ya kliniki sehemu nne. Mvua yote ya msimu ilikuwa ikiingia kwa matundu yale na kukaa juu ya vichwa vya watoto.

Nilimwita Dokta Pontien, nikamwonyesha.

"Nani alipaka rangi hapa?" nilimuuliza.

"Mi nilisema wapake. Kulikuwa na madoa. Wazazi walikuwa wanaogopa madoa."

Nilitaka kumrushia sahani usoni. Ningemrushia, kama mikono yangu ingekuwa safi. Nilishuka mezani.

"Ukungu huu haukuota juzi," alisema. "Karatasi yako ilisema hewa inafaa. Ilikuwaje?"

Sasa nilijua ilikuwaje, mpaka mwisho. Moshi wa udi unaviua baadhi ya vijidudu na vingine unaviangusha, maji ya javeli yanalaza vumbi, na madirisha yanatoa vilivyobaki. Kwa saa mbili tatu hewa inakuwa safi kweli. Kisha unafunga madirisha, na dari inaanza tena kutema. Kama wasingeandaa chumba, sahani zangu nne zingejaa, mlango ungebaki umefungwa, na Ilyas angebaki kwenye pamba na chupa zake. Labda angekufa kwa baridi. Labda asingekufa. Hiyo 'labda' ndiyo tuliyomnyang'anya.

"Nilitega madirisha yakiwa wazi," nilimwambia. "Nilipaswa kuyafunga na kungoja siku nzima. Sikungoja."

Hiyo ilikuwa kweli. Nilipunguza tu majina. Lisette alikuwa anafuta ukumbi, akasikia, akainua macho kunitazama, kisha akayashusha haraka. Ana watoto watano.

"Utaelewa," Dokta alisema, huku akiitazama dari badala ya kunitazama mimi, "siwezi kuendelea na we. Na Mazin amefika leo. Wataniuliza. Nitaambia familia nini?"

"Waambie ni mimi."

Mazin alikuwa amefika bandarini asubuhi ile kwa mashua ya mizigo, na mfuko wa nguo za mtoto alizonunua Kigoma. Nilimkuta sebuleni kwa Mama Moza, amekaa na wanaume, mfuko bado uko mapajani. Hakunisalimu. Nikajua kwamba Dokta ameshasema naye. Nilitaka kupita uani kimyakimya niende chumbani kwangu, lakini Mama Moza akaniita ndani, kwa Nura.

Nura alikuwa amelala akitazama ukuta. Walikuwa wamemfunga kanga kifuani, kwa nguvu, ili maziwa yakauke. Mama Moza alikaa kwenye mkeka, tasbihi mkononi. Kwa siku chache alikuwa amezeeka vibaya.

"Funga mulango," aliniambia. "Dokta ameambia Mazin ni we uliacha madirisha wazi."

"Ni kweli, Mama."

"Madirisha ni mi nilisema Lisette afungue."

"Ulisema. Lakini mi njo nilipaswa kuyafunga. Njo kazi nilisomea. We haukusomea."

Akavuta punje moja ya tasbihi, kisha nyingine. Alikuwa anakaribia kitu, polepole, kama mtu anayepapasa gizani akijua kuna shimo. Niliona anakoenda.

"Na udi?" aliuliza.

Nikakaa mkekani karibu naye.

"Nimewaza toka jana," alisema. "Nimewaza, ile moshi. Kama iliharibu kipimo yako. Kama ni mi nilifunika ile ugonjwa, ikajificha, mutoto akaingia. Uniambie, Pascaline. We ni mutu wa kweli, unasemaga kweli hata kama haijaulizwa. Ni mi nilimuua?"

"Apana, Mama."

"Uniambie kweli."

"Udi haina kitu. Ni harufu tu. Haigusi sahani."

"Uniapie."

Nikaapa. Niliapa kwa jina la Mungu, mimi niliyesoma miaka mitatu mambo ya hewa na moshi na vijidudu, mimi ninayekwenda misa kila Jumapili. Niliapa nikimtazama machoni ili aamini.

Akaamini. Niliona mabega yake yanashuka. Akasema alhamdulillahi, kwa sauti ndogo sana, halafu akalia, mara ya kwanza tangu maziko, akifunika uso kwa ushungi, na mwili wote unatikisika. Nilitaka kumshika. Nilinyoosha mkono. Lakini machozi yalipopungua aliinua kichwa na kunitazama, na nikaona kwamba sasa ana mahali pa kuweka ule mzigo.

"Kumbe ni we," alisema.

"Ni mi, Mama."

"Mwaka na nusu unakula mu sahani yangu."

"Ndiyo, Mama."

"Usiniite tena Mama."

Nilifunga vitu vyangu mchana huo. Havikuwa vingi. Nilipofika getini nikasikia hatua nyuma yangu, na alikuwa Nura, peku, ameshika kanga yake kifuani kwa mkono mmoja. Alikuwa hajatoka nje tangu siku ile.

"Mi nilikuona," alisema. "Ile siku. Mulango ilikuwa wazi. Ulisimama, ukanusa, ukawaza. Kisha ukaingia."

"Ndiyo."

"Ile moshi njo ilificha."

Nilikuwa nimeshaapa uongo mara moja siku hiyo na sikuwa na nguvu za kuapa tena. "Moshi na madirisha," nilisema. "Na mi niliyejua."

Alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyepewa jibu la hesabu aliyokwisha kuifanya mwenyewe. Maziwa yalikuwa yamelowesha kanga pande zote mbili, na yeye hakujali.

"Harufu ilifika mpaka kwetu kitandani," alisema. "Nilifurahi. Nilimwambia mutoto, sikia, bibi anakutengenezea chumba." Akakaza kanga kifuani. "Mama asijue. Hata siku moja. Mi sitakusamehe, dada Pascaline, lakini yeye asijue."

"Hatajua."

"Na usirudi."

Sikurudi. Nilipata kazi kwa Marcellin, nikahamia Buyenzi, na ile kliniki iling'oa dari na kuweka mabati mapya. Mama Moza aliishi miaka mingine sita. Mara kwa mara nilikuwa nikipita sokoni karibu na duka lake, na kila aliponiona aligeuza uso upande wa pili, palepale, mbele ya wateja. Watu waliniuliza kwa nini nisipite njia nyingine. Nilipita hiyo kwa makusudi. Kila alipogeuza uso nilijua kwamba bado hajui, nikaendelea na safari yangu.